Jinsi ya kumfuatilia mnana, anza na kiota chake

Watu wengi wakiona mti umejaa viota vinaning'inia na minana wanapiga kelele wanachukua picha moja wanasepa, na hapo wamekosa karibu kila kitu, maana huyu ndege ukitaka kumjua soma kwanza kiota halafu ndio umwangalie mwenyewe. Naongelea yule ambaye dume wake ana kichwa cheusi, mwili wa njano na macho mekundu, anapenda kujenga karibu na nyumba za watu au kwenye matawi yaliyolalia maji.

Subiri mvua zianze. Nje ya msimu wa kuzaana madume wengi wa mashariki na kusini mwa Afrika wanapoteza ule weusi wa kichwani wanafanana na majike, utachanganyikiwa bure. Mvua ikinyesha majani yanakuwa marefu na hayakatiki ovyo, sasa mwangalie dume anavyovuna: anachana kidogo ukingo wa jani kwa mdomo, anaushika ule ukingo halafu anaruka nao, uzi unachanika wenyewe.

Darubini ikiwepo poa, isipokuwepo kaa tu pembeni mahali unapoona viota kwa ubavu, usikae chini ya mti maana milango yao inatazama chini na utanyeshewa kinyesi. Halafu chagua kiota KIMOJA. Ukihangaika na koloni zima hutaambulia kitu, ni fujo tupu.

Kizuri zaidi ni kile ambacho bado ni pete tu ya majani. Dume anasimama ndani ya ile pete na hahami hapo, anasuka mbele yake mpaka pale mdomo unapofika, halafu bila kugeuka anajipinda nyuma anasuka upande wa pili, yaani mwili wake ndio futi kamba ya fundi, ndio maana chumba kinatoka duara safi. Ukiona kiota kimekaa shaghalabaghala, kina matobo, mara nyingi ni dume kijana bado anajifunza.

Baada ya hapo fuata rangi. Kikiwa kibichi cha kijani dume ananing'inia mlangoni kichwa chini, anapiga mabawa na kupiga makelele kila jike akipita. Jike akivutiwa anaingia, anavutavuta nyuzi kama anakagua, na akikubali yeye mwenyewe ndio anatandika ndani majani laini na manyoya. Wasipokubali mpaka kikawa kahawia, dume anakibomoa kwa mdomo wake na kuanza upya, kwa hiyo nyuzi zikijaa chini usikimbilie kulaumu upepo. Akikubaliwa hatulii pia, anaenda kujenga kingine kutafuta jike mwingine.

Mayai usiyachungulie, tafadhali, usipinde tawi wala kuingiza kidole. Ila ujue hili: kila jike ana rangi yake ya mayai, huyu meupe, yule ya bluu, mwingine ya kijani yenye madoa, na ni kwa sababu kekeo huwa anakuja kutaga kwenye viota vyao kwa wizi. Jike akiliona lisilofanana na yake analitupa nje. Visiwa vya Mauritius na Hispaniola (hiki kiko Karibi) minana walipelekwa na watu, huko hakuna kekeo wa kuwaibia, na mayai ya jike mmoja yameanza kutofautiana yenyewe kwa yenyewe.

Jike anaatamia siku kama 12. Wakubwa wanakula sana mbegu lakini makinda yanahitaji wadudu, kwa hiyo siku utakayoona jike anaingia na mdudu mdomoni kwa mara ya kwanza jua wametotolewa, andika tarehe. Makinda wanatoka kiotani baada ya wiki mbili na nusu mpaka tatu hivi, hizo siku za mwisho ndio uje na kamera, mapema asubuhi.