Somo: Kuchagua konveta ya chaneli nyingi kwa studio yako

Konveta ni kifaa kinachogeuza sauti ya umeme kuwa namba za kompyuta, na kuirudisha. Somo hili ni la mwenye studio aliye na intafesi (kisanduku kinachounganisha maiki na spika na kompyuta) ya chaneli mbili hadi nane, na sasa bendi nzima inataka kurekodi kwa mpigo mmoja. Tuseme msimamo mapema: kwa studio nyingi za Kisumu, Kakamega na Nakuru, konveta ya nje ya chaneli nane iliyounganishwa kwa kebo ya mwanga, ikifanya kazi kwenye 48 kHz (vipimo, yaani sampuli, 48,000 za sauti kwa sekunde), inatosha kabisa. Pesa zitakazobaki zitafute maiki, kebo na kinga ya stima.

Hatua ya 1: Hesabu chaneli kwa kalamu

Usihesabu maiki ulizonazo, hesabu kikao kikubwa zaidi unachotarajia. Bendi ya benga: kiki, sinea, hai-hati, tomu mbili na maiki mbili za juu, hizo ni 7. Besi moja, gitaa tatu, kinanda cha stereo 2, waimbaji watatu. Jumla 16. Kwaya ya kanisa au kundi la isukuti huhitaji chache kuliko hapo, mradi chumba kina sauti nzuri.

Kisha hesabu za kutoka, ambazo watu husahau. Spika za monita zinachukua 2. Kila mwanamuziki anayetaka mchanganyiko wake wa stereo kwenye hedifoni anachukua 2 nyingine. Wanamuziki watatu wakitaka hivyo, konveta ya nane kutoka imejaa.

Hatua ya 2: Chungulia nyuma ya intafesi

Tafuta tundu dogo la mraba lenye kijimlango; lile la kutoka huwaka mwanga mwekundu ndani. Hapa wengi huingia mkenge: tundu la umbo hilohilo linaweza kubeba mfumo wa kutuma sauti ya dijitali uitwao ADAT, wenye chaneli 8, au ule wa S/PDIF, wenye 2 tu. Umbo halikuambii kitu, soma mwongozo. Kwenye intafesi nyingine unachagua aina ndani ya programu yake.

ADAT hubeba chaneli 8 kwenye 44.1 au 48 kHz. Ukipanda 96 kHz zinabaki 4 kwa kila kebo, kwa hiyo nane zinataka jozi mbili za matundu. Kama intafesi yako haina tundu la mwanga kabisa, kuna vifaa vya dijitali tupu kama RME Digiface USB, vyenye matundu manne ya kuingia na manne ya kutoka, yaani chaneli 32 kwenye 48 kHz. Unaning'iniza konveta moja leo na nyingine baadaye.

Kuna mifumo mingine ya kutuma sauti: MADI hupitisha chaneli 64 kwenye kebo moja, na Dante hutumia kebo ya mtandao. Ni mambo ya ukumbi mkubwa ambako raki (kabati la vifaa) iko mbali na fundi. Kwa studio ya vyumba viwili ni mzigo wa bure.

Hatua ya 3: Laini au maiki?

Konveta nyingi za bei ya juu zina viingilio vya laini pekee, yaani vya sauti iliyokwisha kukuzwa. Ukichomeka maiki humo utapata sauti hafifu yenye mshindo wa kelele, na hakuna umeme wa 48 V wa maiki za kondensa. Kama huna priampu (vikuza sauti ya maiki) nane pembeni, nunua inayokuja nazo. Behringer ADA8200 ni mfano unaojulikana: priampu 8, ADAT, lakini haipiti 48 kHz.

Hatua ya 4: Linganisha viwango

Hatua hii hurukwa, halafu watu wanalaumu konveta. dBu na dBV ni vipimo vya nguvu ya sauti ya umeme. Kiwango cha studio ni +4 dBu, sawa na volti 1.23. Vifaa vya nyumbani ni −10 dBV, volti 0.316. Tofauti yao ni karibu dB 12. Zaidi ya hapo, konveta moja hufika mwisho wa kipimo (kilele ambacho sauti ikikipita hupasuka) ikipewa +18 dBu na nyingine hadi +24 dBu. Ukituma sauti iliyojaa kutoka hii ya pili kwenda ile ya kwanza, unapasua sauti kwa dB 6 bila kuona kosa upande wa kutuma.

Pima hivi. Cheza toni ya 100 Hz kwenye −20 dBFS (dB 20 chini ya mwisho wa kipimo) kutoka programu ya kurekodi, volyumu zote za kutoka zikiwa juu kabisa. Weka multimita kwenye volti za AC, kisha gusa ncha na pete ya jeki ya TRS, au pini 2 na 3 za XLR. Ukisoma karibu 1.23, mwisho wa kipimo chako ni +24 dBu. Ukisoma karibu 0.62, ni +18 dBu. Usitumie 1 kHz, kwa kuwa multimita za bei nafuu hudanganya masafa yakipanda.

Hatua ya 5: Kloki moja tu

Kloki ni saa ya ndani ya kifaa, inayopanga wakati wa kila sampuli. Kifaa kimoja kiwe kiongozi, vingine vifuate. Tunapendelea intafesi iongoze, kwani ukibadilisha mradi kutoka 48 kwenda 44.1 kHz, konveta inafuata yenyewe. Hiyo inahitaji kebo ya mwanga ya kwenda pia, au kebo ya BNC ya ohmu 75 (zile za ohmu 50 waachie watu wa redio). Ukiwa na kebo moja tu inayotoka kwenye konveta, basi konveta iongoze, na intafesi uiweke ifuate ADAT.

Kununua sanduku la kloki la bei kubwa kwa vifaa viwili ni kutupa pesa.

Hatua ya 6: Pima tofauti ya muda

Konveta ya nje na ile iliyo ndani ya intafesi hazichelewi kwa kiasi kimoja. Gawanya toni fupi kwa kebo ya Y, iingie chaneli ya 1 na ya 9, rekodi, kisha vuta picha ya wimbi karibu uhesabu sampuli. Kwenye 48 kHz sampuli moja ni sawa na sauti kusafiri milimita 7 hivi. Tofauti ya sampuli 12 ni kama kusogeza maiki sentimita 8 na nusu, ambayo inatosha kukondesha sinea. Dawa ni kuweka maiki zote za drums kwenye konveta moja, waimbaji na kinanda kwenye nyingine.

Hatua ya 7: Radi

Ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi, na hapa kebo ya mwanga inalipa: haipitishi umeme, hivyo pigo lililoingia kwenye raki halina njia ya kufuata kebo hiyo hadi kwenye kompyuta. Mvumo wa ethi (waya wa ardhini) pia haupiti humo. Usiikunje kwa nguvu, usizidishe mita 5 bila sababu, na tundu lisilotumika lifunikwe vumbi lisiingie. Mawingu yakikusanyika, chomoa stima na kebo ya intaneti. Swichi ya ukutani haitoshi.

Na zile namba za dB kwenye karatasi ya vipimo, zinazoonyesha umbali kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya kifaa? Kati ya konveta ya 115 na ya 120, mvua kwenye mabati yako ina kelele kuliko zote mbili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Nakuru: Mwalimu, nimeunganisha konveta na inarekodi vizuri, lakini kila baada ya sekunde kadhaa nasikia "tik". Kebo ni mpya.

Jibu: Si kebo, ndugu. Vifaa vyote viwili viko kwenye kloki ya ndani, kila kimoja kinahesabu kivyake. Rudi hatua ya 5.

Mwanachama, Kakamega: Diski itahimili chaneli 16?

Jibu: Kwa biti 24 na 48 kHz ni megabaiti 2.3 hivi kwa sekunde, GB 8.3 kwa saa. Hata diski ya kawaida inaweza. Kinachokwama mara nyingi ni bafa (akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huichakata kwa zamu): rekodi kwenye sampuli 64 au 128, changanya kwenye 1024.

Mwanachama, Kisumu: Nimepata konveta ya FireWire iliyotumika, bei ya kutupa. Nichukue?

Jibu: Kama ina ADAT na inafanya kazi peke yake bila kompyuta, chukua uitumie kwa mwanga. Kama inategemea FireWire pekee, iache. Kompyuta mpya hazina tundu hilo, na draiva zimeachwa.

Mwanachama, Bungoma: Yangu imetoka Marekani. Nichomeke tu?

Jibu: Soma sahani ya nyuma kwanza. Ikiandikwa 100–240 V, chomeka. Ikiandikwa 120 V pekee, tafuta transfoma ya kushusha, la sivyo stima yetu ya 240 V itaiunguza. Ikiwa na swichi ya kuchagua volti, igeuze ikiwa imechomolewa, na ubadilishe fyuzi kulingana na maandishi yaliyo kando yake: upande wa 240 V hutumia ampea karibu nusu ya zile za 120 V.