Treni au ndege? Jinsi ya kupanga safari ya kikazi kati ya miji ya Ulaya

Mtu akitaka kutoka Milano kwenda Roma kwa kikao cha mchana, kitu cha kwanza anachotazama ni muda wa ndege: saa moja na dakika kumi. Treni ya mwendokasi inachukua kama saa tatu. Akiishia hapo atakata tiketi ya ndege, na mara nyingi atakuwa amekosea hesabu. Katika safari ya kikazi pima muda kuanzia mlango wa hoteli hadi mlango wa ofisi unayokwenda, kisha jiulize: ndani ya muda huo, nitapata dakika ngapi za kukaa nifanye kazi bila kuinuliwa?

Tuipige hesabu hiyo, ukianzia katikati ya Milano karibu na San Babila. Kwa ndege, metro ya M4 hadi kiwanja cha Linate ni dakika 12. Pamoja na kutembea na kusubiri weka 25. Uwe kiwanjani dakika 75 kabla ya kuruka. Safari yenyewe ni 70. Kushuka na kutoka nje ya Fiumicino, kiwanja cha Roma, ni 20. Treni ya Leonardo Express hadi stesheni ya Roma Termini ni dakika 32. Weka 45 pamoja na kuisubiri. Jumla dakika 235. Kwa treni, dakika 15 hadi stesheni ya Milano Centrale, 20 za kusubiri, 190 njiani, 5 za kushuka na kutoka. Jumla 230, na umefika Termini ile ile.

Yaani ngoma droo. Lakini muda wa ndege umekatwa vipande vipande: metro, ukaguzi, foleni ya kupanda, kufunga mkanda, foleni ya kushuka, treni nyingine. Laptopu utaifungua labda dakika 40. Ndani ya treni ya mwendokasi, Frecciarossa au Italo, una meza, soketi na karibu saa tatu mfululizo. Kwa maoni yetu hii ndiyo sababu kubwa ya kuchagua treni, kuliko hata nauli. Ila kama ofisi unayokwenda iko jirani na kiwanja cha Fiumicino, matokeo yanageuka na ndege inashinda. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha chochote, andika anwani mbili: unapolala na unapokwenda.

Safari ya treni yenye urefu wa saa ngapi bado inafaa?

Chini ya saa tatu, panda treni, usisumbuke kulinganisha. Humo mna Paris–Brussels (saa 1 na dakika 22), Paris–Lyon na Paris–Bordeaux (kama saa 2), London–Paris (saa 2 na robo hivi), na Madrid–Barcelona (saa 2 na nusu kwa treni zisizosimama). Ufaransa iliweka jambo hili kwenye sheria: Mei 2023 ilizuia safari za ndege za ndani zinazoweza kufanywa kwa treni ndani ya saa 2 na nusu, na hatua hiyo iliondoa ndege kati ya Paris-Orly na Lyon, Nantes na Bordeaux.

Kati ya saa tatu na nne na nusu, piga hesabu kama ile ya Milano. Paris–Amsterdam, Paris–Frankfurt, Berlin–München na London–Amsterdam ziko kwenye kundi hili. Zaidi ya saa tano, kwa mfano Paris–Barcelona au Paris–Berlin, ndege huwa na nguvu, isipokuwa kama una siku nzima ya kazi ya kuandika na unaitaka treni iwe ofisi yako.

Ukilinganisha, hakikisha umelinganisha na kiwanja chenyewe. Ndege za bei nafuu zinazosema "Paris" huenda zinatua Beauvais, zaidi ya kilomita 80 kutoka mjini. "Milano" inaweza kuwa Bergamo, na "Brussels" ikawa Charleroi. Basi la kutoka huko linakula saa nzima au zaidi, na begi la kupakia linalipiwa kando.

Kukata tiketi

Nauli za treni za mwendokasi hupanda kadiri siku zinavyokaribia, sawasawa na za ndege. Ukijua tarehe, kata mapema. Lakini usikate tiketi mbili za aina moja. Ya kwenda iwe ile ya bei ya chini iliyofungwa kwenye treni moja, kwa sababu saa ya kuanza kikao unaijua. Ya kurudi iwe inayobadilishika, maana saa ya kumaliza kikao haijulikani kamwe. Wanaokata zote za bei ya chini huishia kuondoka kikao hakijaisha, au kununua tiketi mpya stesheni kwa bei ya juu kabisa.

Ufaransa, Hispania, Italia na kwenye Eurostar (treni zinazounganisha London na Paris, Brussels na Amsterdam), tiketi huja na kiti. Ujerumani mambo ni tofauti: tiketi ya daraja la pili ya ICE, treni ya mwendokasi ya huko, inakupa haki ya kupanda tu, kiti unakilipia kando. Siku ya Ijumaa jioni lipia, la sivyo utasimama kati ya mabehewa na laptopu mkononi. Ukishapanda, kikalie mapema. Kiti kisichokaliwa dakika 15 baada ya treni kuondoka kinaweza kuchukuliwa na mwingine.

Jina kwenye tiketi liwe sawa na la pasipoti. Na kama kampuni itakurudishia fedha, jaza jina la kampuni na namba yake ya kodi kabla ya kulipa. Kuomba ankara sahihi baadaye ni usumbufu mkubwa. Pakua tiketi kwenye simu, usitegemee intaneti ya stesheni.

Stesheni, na namna ya kutopotea

Paris haina stesheni kuu moja. Treni za London, Brussels na Amsterdam ziko Gare du Nord. Za Lyon na Marseille Gare de Lyon. Za Bordeaux Montparnasse. Za Strasbourg na Frankfurt Gare de l'Est. Kutoka Gare du Nord hadi Gare de l'Est unatembea kama dakika kumi. Hadi Gare de Lyon unapanda treni ya mjini, RER D, vituo viwili tu, lakini acha angalau dakika 75 kati ya treni na treni, kwa sababu RER nayo huchelewa na ngazi ni nyingi. Lille ina Flandres na Europe, Madrid ina Atocha na Chamartín, Roma ina Termini na Tiburtina. Soma jina lote. Stesheni zinazoishia na neno TGV (treni ya mwendokasi ya Ufaransa), kama Avignon TGV na Aix-en-Provence TGV, ziko nje ya mji. Ongeza muda wa basi au teksi.

Ufaransa, namba ya jukwaa huonekana kwenye ubao kama dakika 20 kabla, na kupanda hufungwa dakika 2 kabla ya kuondoka. Hispania mabegi hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, kwa hiyo fika nusu saa kabla. Ujerumani hakuna lango wala ukaguzi.

Sasa angalia hili kwa makini, maana ndilo linalowaangusha hata wazoefu. TGV nyingi ni treni mbili zilizofungwa pamoja, urefu wa mita 400 kwa jumla, na ndani hakuna njia ya kupita kutoka moja kwenda nyingine. Ukirukia behewa lolote dakika ya mwisho, unaweza kujikuta kwenye treni isiyo yako, na hutakifikia kiti chako mpaka mtakaposimama. Mbaya zaidi, baadhi huachana njiani. ICE za kutoka Berlin kwenda magharibi, kwa mfano, hugawanyika Hamm: sehemu moja inakwenda Köln, nyingine Düsseldorf. Tazama namba ya behewa kwenye tiketi, ilinganishe na mchoro ulioko jukwaani, kisha simama kwenye herufi iliyoonyeshwa kabla treni haijaingia.

London na suala la viza

Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda na jirani zake wawe macho hapa. Viza ya Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) haikuingizi Uingereza, na ya Uingereza haikuingizi Schengen. Kama viza yako ya Schengen ni ya kuingia mara moja, ukitoka Paris kwenda London kwa kikao cha siku moja umeimaliza. Hutarudi Paris kuchukua begi uliloacha hotelini. Omba ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo, na kwenye barua ya maombi eleza ratiba ya miji yote miwili.

Ukaguzi wa Eurostar hufanyika kabla ya kupanda. Polisi wa mpaka wa Ufaransa wako St Pancras, London. Maofisa wa Uingereza wako Gare du Nord. Weka mkononi, si kwenye begi lililofungwa, barua ya mwaliko, nafasi ya hoteli na tiketi ya kurudi nyumbani. Lango hufungwa dakika 30 kabla ya treni kwa tiketi za kawaida, na halifunguliwi kwa kubembelezwa. Fika dakika 90 kabla: tangu Oktoba 2025 Umoja wa Ulaya umeanza kusajili wageni kwa picha na alama za vidole, na foleni zinaweza kurefuka.

Hata ndani ya Schengen usiiache pasipoti hotelini. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na polisi hupita ndani ya treni.

Kwa wafanyabiashara wanaobeba sampuli, treni ina nafuu: hakuna sheria ya mililita 100, na kahawa au mafuta ya kunukia hayamwagwi mlangoni. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi kwa njia yoyote.

Treni ikichelewa

Ujerumani mwaka 2024 ni asilimia 62.5 tu ya treni za masafa marefu zilizohesabiwa kufika kwa wakati. Kwa hiyo huko usipande treni ya mwisho inayokuwahisha kikao, panda iliyotangulia. Tiketi ya Sparpreis, yaani ya bei nafuu ya Ujerumani, imefungwa kwenye treni moja, lakini ikitarajiwa utachelewa dakika 20 au zaidi kufika mwisho wa safari, kifungo hicho huondoka na unaweza kupanda nyingine.

Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, treni ikichelewa dakika 60 hadi 119 unadai asilimia 25 ya nauli, na kuanzia dakika 120 asilimia 50. Ndege ya hadi kilomita 1,500 ikikufikisha ukiwa umechelewa saa tatu au zaidi kwa sababu zilizo ndani ya uwezo wa shirika, fidia ni yuro 250, hata kama tiketi ilikuwa ya yuro 40. Tunza tiketi, piga picha ubao wa stesheni.

Kuunganisha na ndege ya nyumbani

Viwanja vya Charles de Gaulle (Paris), Schiphol (Amsterdam) na Frankfurt vina stesheni za mwendokasi ndani yake. Ukikata treni na ndege ya Nairobi au Dar es Salaam kwa tiketi tofauti, treni ikichelewa shirika la ndege halina deni kwako. Acha saa nne au tano kati yake, au lala karibu na kiwanja. Njia salama ni tiketi moja inayojumuisha vyote. KLM, Air France na Lufthansa huziuza, na Brussels-Midi huonekana humo kama kiwanja chenye msimbo ZYR.

Tiketi hiyo ina masharti yake. Kipande cha treni huhesabiwa kama ndege. Ukiamua kukiruka kwa sababu mwenyeji wako amekupa lifti ya gari hadi Schiphol, mfumo utakuhesabu hukutokea, na kiti chako cha ndege ya nyumbani kinaweza kufutwa kabla hujafika kaunta. Piga simu kwa shirika kwanza, wakuondolee kipande hicho kwa maandishi, ndipo upande gari.