Unaenda kusomea udaktari nje? Anzia mwisho ndo urudi nyuma

Watu wengi wakianza kutafuta chuo cha udaktari nje wanauliza vitu viwili tu, ada kiasi gani na admishen inatoka lini. Siyo maswali mabaya ila wameyawahisha. La kwanza kabisa ni hili: ukishamaliza unataka kutibu watu wa nchi gani? Maana digrii ya udaktari peke yake haikuruhusu kumtibu mtu, leseni ndo inakuruhusu, na leseni inatolewa na baraza la madaktari la nchi utakayofanyia kazi, na kila baraza lina masharti yake.

Kama plani yako ni kurudi nyumbani, liandikie baraza la nchi yako. Chuo hiki mnakitambua? Mhitimu wake akirudi anafanya mtihani gani? Intanishipu aliyoifanya huko mnaihesabu au anaanza upya? Kwa maandishi nasema, imeili ijibiwe uitunze, usikubali majibu ya simu, aliyepokea simu leo miaka sita ijayo hayupo ofisini na wewe utakuwa umesimama dirishani na cheti mkononi.

Kama unaota Marekani basi ujue kuna ECFMG, taasisi inayothibitisha madaktari waliosoma nje ya Marekani, na mitihani ya leseni ya USMLE inayofanywa kwa hatua, na hatua ya kwanza, Step 1, tangu Januari 2022 haitoi alama tena, ni kufaulu au kufeli, kwa hiyo wanaochagua madaktari wa mafunzo sasa wanaangalia sana Step 2 ambayo inauliza mambo ya wodini. Uingereza kuna PLAB, mtihani wa madaktari waliosoma nje. Ujerumani lazima Kijerumani, tena Kijerumani cha kitabibu.

Halafu ingia World Directory of Medical Schools, orodha ya mtandaoni ya vyuo vya udaktari duniani, ni bure, andika jina la chuo. Lisome herufi kwa herufi, mji mmoja unaweza kuwa na vyuo vitatu vyenye majina yanayokaribiana na ajenti mjanja anakupa barua ya kile usichokijua. Ukikikuta usishangilie bado, orodha yenyewe inasema kuwemo humo siyo ithibati. Shuka mpaka kwenye noti za wadhamini (Sponsor Notes), hapo ndo ECFMG wanaonyesha wahitimu wa kuanzia mwaka gani mpaka mwaka gani wanakubalika. Pia uliza chuo kimepewa ithibati na nani, na huyo mtoa ithibati mwenyewe anatambuliwa na WFME, shirikisho la dunia la elimu ya udaktari, au la.

Miaka nayo inachanganya watu. Ukiambiwa Ufilipino MD, yaani digrii ya udaktari, ni miaka 4 unaona hapa ndo pafupi, kumbe hiyo minne inaanza baada ya digrii ya kwanza na NMAT, mtihani wa kuingia chuo cha udaktari, kama Marekani tu ambako nako ni minne juu ya digrii. China programu ya MBBS, digrii ya udaktari ya huko, kwa Kiingereza kawaida ni 6 ukihesabu na mwaka wa intanishipu. Misri wamehamia 5 ya masomo na 2 ya mazoezi. Ujerumani 6 na kidogo. Kwa hiyo hesabu kutoka siku ya kupanda ndege mpaka siku ya leseni, usihesabu mpaka siku ya joho.

Sasa lugha. Hapa ndo nataka tukae kidogo kwa sababu hapa ndo watu wanapigwa.

Mimi nilisoma China, programu ya Kiingereza, na miaka ya mwanzo ni raha tupu, anatomia kwa Kiingereza, fiziolojia kwa Kiingereza, slaidi zote kwa Kiingereza. Mwaka wa nne tukaingia wodini. Kuna mzee mmoja amelala, kashika tumbo juu upande wa kulia, na mimi nina HSK 4 yangu, cheti cha Kichina cha ngazi ya nne, na daftari langu, nikamuuliza kwa Kichina safi cha darasani maumivu yameanza lini. Akanijibu sentensi ndeefu na sikushika hata neno moja, alikuwa anaongea lahaja ya kwao wala siyo Kimandarini. Mjukuu wake wa kike alikuwa amekaa pembeni, kama miaka kumi hivi, yeye ndo akanirudishia polepole: babu anasema tangu juzi usiku, akila vitu vya mafuta inazidi. Yaani historia ya ugonjwa wa nyongo nimeipata kwa mtoto wa shule ya msingi. Nilirudi hosteli nikaanza kujifunza maneno ya maumivu kwa lahaja ile, wenzangu wengine wakaona najitesa, wakawa wanasimama nyuma ya mgongo wa profesa wanatingisha kichwa, wakamaliza rotesheni nzima, yaani zamu zote za wodini, hawajamgusa mgonjwa, na cheti chao kinafanana kabisa na changu.

Kwa hiyo chuo kikikwambia "tunafundisha kwa Kiingereza" uliza mgonjwa anaongea nini. Urusi, China, Uturuki, Hungary, popote, vitabu vinaweza kuwa Kiingereza ila mgonjwa anaumwa kwa lugha yake. Kwa maoni yangu chuo kinachokulazimisha kusoma lugha tangu mwaka wa kwanza na kukufelisha ukizembea ni bora kuliko kinachokuambia usijali. Cuba pale ELAM, chuo cha udaktari cha Amerika ya Kilatini kilichoanzishwa 1999, masomo ni Kihispania moja kwa moja, unaumia mwanzoni ila ukifika wodini umeshazoea.

Pesa sitazungumza sana. Usilinganishe ada ya mwaka wa kwanza, linganisha jumla ya miaka yote pamoja na viza, bima na nauli. Jua tu kwamba vyuo vya serikali Italia, hata vile vinavyofundisha kwa Kiingereza kupitia mtihani wa kujiunga wa IMAT, ada inategemea kipato cha familia, na Ujerumani majimbo mengi vyuo vya serikali havichaji ada ya masomo, wengi hawaombi kwa sababu ajenti hapati kitu huko. Maana ajenti analipwa kamisheni, usisahau. Hakikisha barua imetoka kwenye imeili ya chuo chenyewe, na ada iingie akaunti ya chuo, isipitie mfukoni kwa mtu.

Kingine, fikiria likitokea la kutokea. Februari 2022 wanafunzi wa udaktari waliokuwa Ukraine walikimbia vita na begi moja, na kabla ya hapo China ilifunga mipaka 2020, kuna watu walisoma kwa simu zaidi ya miaka miwili na baadhi ya mabaraza yakakataa kuhesabu masomo ya wodini yaliyofanyika mtandaoni. Kila mwisho wa mwaka chukua transkripti yenye muhuri, piga skani, tuma kwa mtu unayemwamini.

Ukibaki na vyuo viwili na umeshindwa kuamua, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tano wa kila kimoja. Wa tano, siyo wa kwanza, wa kwanza bado anapiga picha na theluji. Usimuulize chuo kizuri au kibaya. Muulize wiki iliyopita ulimgusa mgonjwa gani, mlikuwa wanafunzi wangapi kwenye kitanda hicho, na ulimfanyia nini kwa mkono wako. Akianza kukueleza jinsi hosteli ilivyo na intaneti ya kasi, ameshakujibu.