Kupima kipodozi kabla hakijagusa uso

Mimi huanza na kipimo cha wazi, yaani bila kufunika ngozi: napaka krimu kidogo, eneo la ukubwa wa sarafu, upande wa ndani wa kiwiko, asubuhi na jioni, siku 7 hadi 10. Usiridhike siku ya pili ikipita salama. Mzio huchelewa, na wangu uliwahi kujitokeza siku ya 5.

Kipimo cha kufunika ni kikali zaidi. Daktari wa ngozi hubandika mgongoni vipande vyenye vitu vinavyoshukiwa kuleta mzio, kwa saa 48, kisha hukagua zaidi ya mara moja. Nyumbani, tafadhali, usifunike sabuni wala shampuu kwa plasta: zinaweza kukuchubua hata kama huna mzio, nawe ukalaumu kitu kisicho na kosa.

Ukiona wekundu, vipele au muwasho, osha na uache.