Kabla hujaja Mombasa, jua utalala upande gani wa maji

Wageni wangu wengi wakinipigia simu kabla ya safari huuliza habari za hoteli. Mimi huwauliza kwanza: utalala upande gani wa maji? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua uamke saa ngapi, usafiri kwa chombo gani na uone mambo mangapi kwa siku ulizo nazo.

Mombasa mjini ni kisiwa. Kwa magharibi unaingilia Makupa, kwa kaskazini unatokea daraja la Nyali, na kwa kusini unavuka kwa feri pale Likoni. Zile fukwe nyeupe za kwenye picha haziko kisiwani. Nyali, Bamburi na Shanzu ni bara ya kaskazini. Diani iko kusini, tena ndani ya kaunti ya Kwale. Uwanja wa ndege uko bara ya magharibi, na treni ya SGR kutoka Nairobi inakushusha Miritini, bara vilevile. Kama unakuja kutembea Mji wa Kale, lala kisiwani au Nyali. Kama ni bahari unayoitaka, nenda moja kwa moja ufukweni na utenge siku nzima kwa ajili ya mji.

Siku ya kuondoka ndiyo inayowaponza wengi. Binamu yangu alilala Diani usiku wa mwisho, akatoka kwa teksi saa tisa alasiri kuwahi ndege ya saa kumi na mbili. Foleni ya magari ya kuingia feri ilimkuta mbali na kivuko, na alipofika uwanjani mlango ulikuwa umeshafungwa. Mwenye gari siku hizi anaweza kupita barabara ya Dongo Kundu, inayokizunguka kisiwa na kutokea karibu na Miritini bila kugusa feri. Mwambie dereva mapema kwamba unataka njia hiyo, maana wako wanaokwenda Likoni kwa mazoea.

Kwa miguu feri ni bure, na ningependa kila mgeni aipande walau mara moja. Epuka tu asubuhi kutoka Likoni kuja mjini, na jioni kurudi, kwa sababu hapo ndipo wafanyakazi wote wanavuka. Mkoba uuvae mbele. Feri ikigusa gati na mlango wake wa chuma kuteremka, watu hutoka kwa mkupuo, na mkokoteni wa machungwa uko katikati yao. Wewe kaa pembeni dakika moja, shika mtoto mkono, kisha utoke kwa nafasi. Simu ibaki mfukoni. Kivukoni na bandarini si mahali pa kupiga picha.

Jambo la pili ni kujua maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kina hupita mita 3. Mgeni anayefika Bamburi maji yamekupwa hudhani bahari imekauka, akaanza kutembea kuelekea mwambani. Kutembea kwenyewe kunapendeza, ila vaa viatu vya raba, maana mwambani kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi inayokatikia ndani ya nyayo. Na geuka nyuma mara kwa mara. Maji yakianza kurudi hujaza kwanza bonde lililo kati yako na ufuo, na unaweza kuwa bado umesimama pakavu huku njia ya kurudi imeshafika kiunoni. Muulize mvuvi kabla hujaingia. Ukikodi mashua, elewaneni bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda.

Majira nayo yana uzito. Januari hadi Machi, wakati wa upepo wa kaskazi, joto ni kali, ila bahari hutulia na maji huwa safi. Masika huanza Aprili, na Mei ndiyo yenye mvua nyingi. Upepo wa kusi ukivuma, bahari huchafuka na mwani hutapakaa ufukweni. Msimu wowote ule, lala ndani ya chandarua, na muone daktari kuhusu dawa ya kinga ya malaria kabla hujatoka kwenu.

Mji wa Kale ni makazi ya watu. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti, salimia kabla ya kuuliza njia, na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ningeiendea asubuhi, mawe yake yakiwa bado hayajashika joto. Safari ikiangukia Ramadhani, mchana utapata shida ya chakula humo vichochoroni, lakini baada ya magharibi barabara hugeuka jiko: kaimati, viazi vya karai, mishkaki juu ya makaa.

Mengine ni madogo. Laini ya simu yenye M-Pesa itakufaa karibu kila mahali, lakini beba na noti ndogo za tuktuk. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo njoo na kikapu. Mtanzania anayepitia mpaka wa Horohoro abebe pasipoti au hati ya dharura ya safari. Na ukipita soko la Marikiti kununua viungo, nusa kwanza iliki ndani ya kiganja. Iliyokaa sana haina harufu hata ukiisugua.