Intavyuu na mtihani wa darasa la saba: mtoto aandaliwe kiasi gani?

Kuna mambo mawili ambayo wazazi wengi huyachanganya. Shule za serikali za vipaji maalumu, yaani Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Kilakala na Msalato, hazina intavyuu, yaani mtihani wa kujiunga. Mtoto hupangiwa huko kutokana na alama zake za darasa la saba, basi. Akija mtu pale Igoma au Kirumba, hapa Mwanza, akakuambia ana fomu ya Ilboru ya kuuza, au ana "mtu wake" wa kukutafutia nafasi, mwache aende zake. Wenye mtihani wao wa kujiunga ni seminari na shule binafsi, na mara nyingi hutahini Hisabati na Kiingereza, pengine na maarifa ya jumla.

Sasa, aandaliwe? Aandaliwe, ila wiki sita hadi nane zinatosha. Karatasi mbili tatu za mwanzo za mitihani iliyopita hupandisha alama haraka kwa sababu mtoto anazoea namna maswali yanavyoulizwa na muda unavyokimbia. Baada ya hapo, karatasi ya ishirini haimwongezei kitu kama bado hajui hesabu za sehemu (nusu, robo na kadhalika). Kumwamsha saa kumi usiku kwenda twisheni kunampa usingizi darasani, na darasani ndiko anakofundishwa hizo hesabu zenyewe. Hata New York, ambako watoto wa miaka minne walikuwa wakipimwa ili waingie madarasa ya vipaji, mtihani huo uliachwa mwaka 2021, na lawama mojawapo ilikuwa kwamba wenye uwezo walikuwa wakinunua maandalizi.

Anza kwa kuchukua matokeo ya mock na kutazama alama zilizopotea, somo kwa somo. Darasa la saba lina masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. Alama moja ya Uraia na Maadili ina uzito uleule wa alama moja ya Hisabati, lakini hela ya twisheni karibu yote huishia kwenye Hisabati. Mtoto mwenye 46 ya Hisabati na 33 ya Maarifa ya Jamii amebakiza alama 4 upande mmoja na 17 upande wa pili. Huko kwenye 17 ndiko pa kukaa.

Kisha panga wiki. Jumamosi saa mbili asubuhi mpe karatasi moja ya miaka iliyopita, saa ya ukutani mbele yake, simu zote chumba kingine, na muda uwe ule ulioandikwa kwenye jalada. Usimsaidie hata akikutazama kwa huruma. Jumapili mchana sahihisheni pamoja, na hapo msiharakishe: kusahihisha kuchukue muda mrefu kuliko kufanya. Siku za kawaida dakika 40 zinatosha, kwa mada moja tu aliyoikosa. Karatasi moja ifiche kabisa hadi wiki ya mwisho. Akirudia zilezile atakariri majibu, alama zitapanda, nawe utadhani ameelewa.

Kila kosa liandikwe kwenye daftari lenye safu tatu: sikujua, sikusoma swali vizuri, nilikosea hesabu. Chukua swali hili. Mama alinunua visado 12 vya dagaa pale Kirumba kwa shilingi 48,000, akauza kila kisado shilingi 5,000. Alipata faida ya asilimia ngapi? Kila kisado kilimgharimu 4,000, faida ni 1,000, hivyo ni asilimia 25. Lakini kwenye majibu ya kuchagua utakuta na 20, na haikuwekwa kwa bahati mbaya: inamsubiri anayegawa faida kwa bei ya kuuzia. Mtoto aliyechagua 20 anajua kugawa vizuri sana. Kumpa maswali 30 zaidi ya kugawa ni kumchosha bure. Anachohitaji ni kuambiwa kwamba faida hupimwa kwa mtaji.

Kusiliba, yaani kutia weusi duara la jibu kwenye fomu ya majibu, nako kufanyiwe mazoezi. Atumie penseli ya HB, ajaze duara lote bila kutoka nje, na akibadili jibu afute mpaka pasibaki alama. Kosa linalouma ni kuruka swali la 14 bila kuruka mstari wake kwenye fomu, majibu yote yanayofuata yakasogea. Mzoeze kulinganisha namba kila baada ya maswali matano.

Kiingereza ndicho kisichokubali haraka. Mtoto wa shule ya Kiswahili anayekwenda intavyuu ya seminari huweza kuijua hesabu akashindwa na maneno ya swali. Mwandikie maneno ya Hisabati kwa Kiingereza, matano kwa siku, kila moja na mchoro wake. Ufahamu hauji kwa wiki nane. Huo ni wa kusoma hadithi fupi kuanzia darasa la nne.

Anayekuja Mwanza kwa intavyuu kutoka Sengerema sasa anavuka kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, hasubiri tena kivuko. Wa Ukerewe bado anategemea meli, kwa hiyo afike mjini siku moja kabla. Mfukoni awe na penseli mbili, kichongeo, kifutio na kalamu ya wino. Usiku alale saa tatu, asubuhi apewe chakula alichozoea, si chipsi za sherehe.

Akitoka chumba cha mtihani, usimhoji swali kwa swali ndani ya daladala. Kama kuna karatasi nyingine mchana, ataingia akiwa bado anaiwaza ya asubuhi.