Biskuti nyepesi za siagi: kuanzia unga mpaka mkebeni

Mtu akitoa biskuti ngumu, mara nyingi safari inayofuata huongeza beking pauda. Zinavimba, zinapasuka juu, na bado ni ngumu, ila sasa zina uchungu unaobaki ulimini. Biskuti ya siagi haipati wepesi kwa njia hiyo. Huwa nyepesi kwa sababu siagi ilichapwa ikiwa na ubaridi wake unaofaa, na kwa sababu unga haukukandwa. Ukiyashika hayo mawili, mengine yote yanarekebishika.

Vipimo

- Unga wa ngano wa kawaida, gramu 225
- Wanga wa mahindi (ule mweupe, laini kama poda), gramu 50
- Siagi isiyo na chumvi, gramu 175
- Sukari ya unga, gramu 85
- Kiini cha yai 1
- Vanila, kijiko 1 cha chai
- Beking pauda, robo kijiko cha chai
- Chumvi, robo kijiko cha chai

Zinatoka biskuti kama 35 za upana wa sentimita 5.

Nakusihi upime kwa mizani. Kikombe kilekile cha unga kinaweza kubeba gramu 120 ukichota taratibu, au 150 ukishindilia, na gramu 30 za ziada zinatosha kuifanya biskuti iwe kavu na nzito.

Siagi nayo uitazame vizuri kabla ya kununua. Siagi halisi ina mafuta yapatayo asilimia 80, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Majarini ngumu ya kuokea inaweza kufanya kazi, ingawa ladha haitafanana. Ile laini ya kupaka kwenye mkate mara nyingi ina maji mengi zaidi. Iache, kwa sababu biskuti zitatandaa na kukakamaa. Soma kiwango cha mafuta kwenye pakiti.

Kwa upande wa unga, adui ni protini. Unga wa mkate una protini asilimia 12 hivi au zaidi, wa keki kama 8, na wa kawaida uko katikati. Protini hiyo ikikutana na maji kisha ikasuguliwa, hujenga gluteni, ile hali ya kuvutika inayoushikilia mkate usianguke. Biskuti haiihitaji. Wanga wa mahindi hauna gluteni kabisa, ndiyo maana gramu 50 zake zinabadilisha biskuti nzima: inamumunyika badala ya kukatika.

Sukari iwe ya unga. Ya punje huyeyuka polepole ndani ya oveni, ikaifanya biskuti itandae na kuwa ya kutafunika kwa mlio. Huo ni utamu wa aina nyingine, lakini sio tunaoutafuta hapa. Ukiikosa, saga sukari ya kawaida kwenye blenda mpaka iwe vumbi. Na yai tunachukua kiini tu, kwa kuwa ute karibu asilimia 90 ni maji, na kinachobaki hukaza ukipata moto.

Hatua ya 1: Siagi ipate joto lake

Toa siagi kwenye friji, ikate vipande vidogo, iache mezani. Tunataka ifike nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi. Huna kipimajoto? Ibonyeze kwa kidole. Kidole kiache shimo safi lakini kisizame chenyewe, na uso wa siagi ubaki mkavu. Ukiona imeanza kung'aa kwa mafuta, imepitiliza. Irudishe friji dakika 10. Usiiyeyushe kwenye moto kwa haraka. Siagi iliyoyeyuka haiwezi kushika hewa, na hata ikiganda tena haiwi kama ilivyokuwa.

Hatua ya 2: Kuichapa

Hapa ndipo wepesi unapozaliwa, kwa hiyo usiwe na haraka. Chapa siagi na chumvi peke yake dakika 1, kisha tia sukari kwa mikupuo miwili na uendelee dakika 4 au 5 kwa mashine, mwendo wa kati. Kwa mwiko ni kama dakika 10 na mkono utachoka, lakini matokeo ni yaleyale.

Itazame rangi. Mwanzo ni njano na mchanganyiko unaonekana mzito, umejikusanya. Baada ya dakika mbili unalegea na kuanza kupauka. Ukiwa tayari ni mweupe wenye unjano wa mbali sana, umeongezeka ujazo, na mwiko ukipita unaacha mistari isiyofunga. Kila baada ya muda simamisha mashine, kwangua pembeni na chini ya bakuli, maana siagi isiyochapika hujificha huko na kuja kutoboka mafuta kwenye trei.

Tia kiini na vanila, chapa kwa sekunde 20 tu, basi.

Hatua ya 3: Unga uingie, mkono utoke

Chekecha unga, wanga na beking pauda pamoja, mara mbili. Mimina juu ya siagi yote kwa mara moja, weka mashine pembeni, chukua mwiko. Kata katikati, geuza kutoka chini, zungusha bakuli, rudia. Mafuta yanauvika unga na kuuzuia usinywe maji, ila ukiendelea kusugua unaivunja kinga hiyo.

Utaona mchanganyiko umekuwa chengachenga, kama umeharibika, na wengi hapo hukimbilia maziwa. Subiri. Chukua kiasi kwenye kiganja, kifumbe. Kikishikana bila kubaki na unga mkavu, umefika. Kikiachana kabisa, nyunyiza kijiko 1 cha chai cha maziwa baridi, ujaribu tena. Ukishaona hakuna unga mweupe unaoonekana, acha. Kukusanya donge kwa kulibonyeza kunatosha. Kulikanda ni kuanza kutengeneza mkate.

Hatua ya 4: Sukuma kwanza, kisha ndiyo ubaridi

Vitabu vingi husema lilaze donge kwenye friji halafu ulisukume. Mimi nashauri kinyume. Donge likiwa bado laini, liweke katikati ya karatasi mbili za kuokea na ulisukume liwe unene wa milimita 7. Karatasi inakuepusha kunyunyiza unga mezani, unga ambao wote huishia ndani ya biskuti. Kisha lichukue hivyo hivyo lilivyo bapa, lilaze friji dakika 30 hadi 45. Bapa hupoa haraka na sawasawa kuliko bonge.

Likiwa gumu, bandua karatasi ya juu na ukate kwa kibati au mdomo wa glasi. Bonyeza moja kwa moja chini bila kuzungusha, ili kingo zibaki safi. Mabaki yasogeze pamoja, uyabonyeze, uyasukume mara moja tu. Biskuti za mabaki huwa na ugumu kidogo, zitenge trei yake.

Hatua ya 5: Oveni

Washa oveni nyuzi 170 mapema, angalau dakika 20 kabla. Kama ina feni, iweke kwenye 155. Trei iwe baridi. Hili watu hulisahau kwenye mkupuo wa pili: wanapanga biskuti juu ya trei iliyotoka motoni, siagi inaanza kuyeyuka kabla hata mlango haujafungwa. Siagi ikiingia ikiwa baridi, biskuti huwahi kushikamana kabla mafuta hayajatiririka, na umbo linabaki.

Acha nafasi ya sentimita 2 kati ya moja na nyingine, weka trei katikati ya oveni, oka dakika 13 hadi 16. Ikifika dakika ya 9 geuza trei, nyuma ije mbele. Ziko tayari kingo zikianza kuwa za dhahabu huku katikati pangali papauka. Nyanyua moja kwa kisu utazame chini yake: ikiwa ya dhahabu hafifu, toa zote.

Zitakuwa laini bado. Ni sawa. Ziache kwenye trei dakika 5, kisha zihamishie juu ya wavu. Zinakaza zikipoa, siagi inapoganda tena. Ukingoja zikaze ndani ya oveni, zimekauka.

Zikikupa taabu

Zilizotandaa sana zinasema siagi au trei ilikuwa na joto. Ngumu zisizotandaa zinasema unga ulizidi au ulikandwa. Zenye ladha ya unga mbichi zilitoka mapema. Zirudishe dakika 3. Beking pauda ikiwa imekaa sana, tia nusu kijiko kwenye maji moto: isipotoa povu papo hapo, itupe.

Ukitaka ladha nyingine, kwaruza ganda la limau 1, ulisugue na sukari kwa vidole kabla ya kuichapa, au tia nusu kijiko cha chai cha iliki iliyosagwa kwenye unga. Usitie maji ya limau, kwa sababu ile iliyoelezwa juu kuhusu maji na gluteni.

Zifungie mkebeni zikishapoa kabisa, kwa kuwa mvuke wa biskuti moja ya moto hulainisha mkebe mzima. Hukaa vizuri wiki nzima. Usizichanganye na keki, maana zitanyonya unyevu wake. Zikilegea, zirudishe oveni ya nyuzi 150 kwa dakika 5. Na kama hutaki kuoka zote leo, gandisha zilizokatwa zikiwa mbichi, zimetenganishwa kwa karatasi; zinaingia oveni moja kwa moja kutoka kwenye barafu, ukiongeza dakika 2.